Bodi ya Mwisho ya Wifi Taisiya

Wifi yangu Taisiya Korepanova alijivunia mambo mawili: vidole vyake, na kwamba hajawahi kumwomba mtu msaada. La kwanza nilimkubalia. La pili ndilo lililotugombanisha kwa miaka ishirini na mitatu, tangu kaka yake aliponioa akanileta nyumbani kwao Izhevsk, mji wa Waudmurti huko Urusi, na sanduku la vitabu vyangu vya kufundishia Kiingereza, ambavyo Taisiya alivipima kwa macho na kuuliza kama vinaliwa.

Alikuwa fundi wa lehemu katika kiwanda cha vyombo vya redio. Miaka thelathini na moja alikaa meza ya tatu kutoka dirishani, koti jeupe mwilini, chuma cha moto mkono wa kulia na kibano mkono wa kushoto, akiunganisha vipande vidogo kama mbegu za nyanya kwenye bodi za kijani. Bodi zilikuwa za nini, hakuambiwa wala hakuuliza. Akimaliza moja aliiweka kwenye sinia na kuipitisha kwenye kidirisha kilichokuwa ukutani. Upande wa pili walikaa watu wengine, nao ndio walioiwasha na kuipima. Mlango wa kwenda kwao ulikuwa na askari.

Bodi iliyokuwa nzima haikurudi. Iliyorudi ni mbovu tu.

"Kwa hiyo wifi, mimi miaka yote hii nimeonyeshwa makosa yangu peke yake," aliniambia siku moja tukimenya viazi. "Kumi na moja. Zile nyingine elfu na elfu, sijui hata kama zilipata kuwaka."

"Zingekuwa haziwaki wangekufukuza."

"Kusikia si kuona."

Majira ya baridi ya mwaka wa tisini daktari alimkuta na mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Alimwandika kwenye orodha ya kupasuliwa, orodha ndefu, zamu yake mwaka wa pili. Kiwandani wakamwambia ikifika Mei astaafu. Taisiya alirudi nyumbani, akavua buti, akasema maneno mawili matatu ya Kiudmurti ambayo mume wangu amekataa mpaka leo kunitafsiria.

Na baridi hiyohiyo mji mzima ulikuwa umeshikwa na homa ya kompyuta. Waingereza walikuwa wametengeneza kompyuta ndogo ya nyumbani, unaiunganisha na televisheni yako, unaipa michezo kutoka kwenye kaseti ya kawaida. Kwetu haikuuzwa. Basi mainjinia wetu waliipata moja, wakaifungua, wakaichunguza mshipa kwa mshipa, wakachora bodi yao wenyewe inayofanya yaleyale. Bodi tupu ziliuzwa kila Jumapili nyuma ya uwanja wa michezo, juu ya magazeti yaliyotandikwa kwenye theluji. Kila nyumba yenye chuma cha kulehemu ilikuwa inajenga ya kwake. Jirani yetu wa chini aliijenga ya kwake ndani ya sanduku la keki.

Jumapili moja Taisiya alipanda ghorofa zote tano na kitu kilichoviringishwa kwenye taulo.

"Nini hicho?" nikauliza.

"Kompyuta."

"Mbona ni ubao mtupu?"

"Na wewe ulipoletwa hapa ulikuwa mke? Hata viazi hukujua kumenya. Ngoja kwanza."

"Mtu wa miaka hamsini na minne, michezo ya watoto ya nini?"

Aliikunjua ile taulo pole pole. "Sitaki michezo. Nataka kuiona ikiamka. Bodi moja tu, wifi, niliyoifanya kwa mkono wangu, iamke mbele yangu. Kabla macho hayajafunga duka."

Nikamwondolea vikombe mezani.

Akafanya kazi kuanzia Desemba mpaka Machi, siku za mapumziko tu, saa tano asubuhi hadi saa nane mchana, maana nje ya saa hizo mwanga wa dirisha la jikoni haukumtosha. Vipande vidogo vilitoka kwenye mfuko wa koti lake la kazi. Viliingiaje mfukoni sitasema, kwa kuwa kila nyumba ya mtaa wetu ilikuwa na mfuko wa namna hiyo. Nilipotaka kumshikia taa alinifukuza. Nilipotaka kumsomea mchoro, alisema Kiingereza changu kitachafua bodi. Mchoro wenyewe ulikuwa wa Kirusi.

Ikabaki chipu moja, ile kubwa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta nzima. Hiyo ilikuwa ya kigeni. Taisiya aliipata sokoni kwa mtungi wa asali na lita moja ya gongo ya kijijini kwao, na muuzaji, mzee wa ndevu, akamwambia hana nyingine wala hajui itapatikana lini.

Hapo ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa la mtu wa huku hasa.

Chipu ile haikulehemiwa moja kwa moja; huchomekwa kwenye kiti chake cha plastiki chenye matundu arobaini. Taisiya alikuwa na kiti kizuri cha kiwandani kwao. Lakini huko ng'ambo wanapima kwa inchi, na kwetu tunapima kwa milimita. Wao kutoka mguu mmoja wa chipu mpaka mwingine wana milimita mbili na nusu na kachembe; sisi tuna mbili na nusu kamili. Kachembe hako kwenye mguu wa kwanza hakaonekani. Kwenye wa pili, wa tatu, bado. Ukifika wa ishirini, kwenye ncha ya chipu, zimekusanyika robo tatu nzima za milimita, na mguu unasimama kando ya tundu lake kama mgeni aliyekosea mlango. Mwenye macho mazima angeona. Taisiya aliona ukungu, akaamini vidole vyake, na vidole vilikuwa na miaka thelathini na moja ya milimita mbili na nusu kamili. Akakandamiza kwa gumba.

Mguu ulijikunja tumboni mwa chipu. Alipojaribu kuunyoosha, ukavunjika.

Nilimkuta amekaa mbele ya meza, mikono juu ya mapaja. Bodi ameifunika kitambaa cheupe. Alinieleza yote kwa sentensi nne, kisha akaniuliza kama mkate umepanda.

Kwa wiki tatu hakuifunua. Nilimwona akimimina chai pembeni mwa kikombe na kuifuta haraka ili nisione, na roho iliniuma, nasema kweli. Nilikuwa nimezoea kumtania mtu mwenye nguvu. Huyu sikujua nimtanie wapi.

Mwishowe nilikasirika. Nikamwambia, "Itisha veme."

Veme ni kazi ya ujima ya Waudmurti. Mtu akiwa na shughuli inayomshinda, nyumba ya kujenga au shamba la kuvuna, anaita watu, wanakuja, inaisha kwa siku moja. Na kijijini kwa kina Korepanov ilikuwa na masharti yake. Mwenye shughuli huenda mwenyewe mlango kwa mlango, kwa mguu wake na kinywa chake. Aliyeitwa hakatai. Na siku yenyewe mwenye shughuli hashiki chombo. Yeye hupika na kulisha tu.

"Veme ni ya kujenga nyumba," alisema.

"Bodi nayo ni nyumba ndogo."

"Mjini hakuna veme."

"Mjini umeenda ngapi? Viazi vya watu umechimba, kuta za watu umebandika karatasi, choo cha shambani cha Glafira ulikichimba wewe. Wewe ukiitwa unaruka kama bibi harusi. Kuita ndiyo mdomo umeshonwa?"

"Chuma kikishikwa na mwingine, bodi haitakuwa yangu."

"Mficha uchi hazai, wifi."

"Mimi nimezaa wawili."

"Na huyu wa tatu amekukwama. Vaa buti."

Siku ya pili alivaa. Nilimsindikiza, nikijua mlango gani utakuwa mgumu. Glafira Ivshina alikaa meza ya pili, kiti cha mbele yake, na kwa miaka ishirini wawili hao walikuwa wakipokonyana nafasi ya juu kwenye ubao wa picha za wafanyakazi bora. Walisaidiana kuchimba viazi bila kusemezana. Alifungua mlango na unga mikononi.

"Taisiya. Nyumba imeungua?"

"Nina veme Jumapili."

"Ya kazi gani?"

"Ya lehemu."

Glafira alimtazama, kisha akanitazama mimi, kisha akamrudia. "Wewe uniite mimi kwenye lehemu? Umeharibu nini?"

"Nimevunja mguu wa chipu."

Glafira alicheka hadi akashika fremu ya mlango. "Miaka ishirini," alisema, akijifuta machozi kwa kiwiko. "Miaka ishirini nangoja kusikia neno hilo."

"Umeshalisikia. Utakuja, huji?"

Glafira aliacha kucheka. "Unanitukana? Umeniita veme, mwanamke. Saa ngapi?"

Walikuja wanne, Glafira na wenzake watatu wa safu ileile ya meza: Zoya, Marfa na Nelli. Kila mmoja alikuwa na chuma chake kwenye mkoba, kimeviringishwa kwenye aproni. Walikaa kwenye meza ya jikoni penye mwanga, wakafunua kitambaa.

Taisiya alikuwa penye jiko akichoma perepechi, vile vibakuli vya unga wa nafaka ya rai vyenye nyama na yai, na mgongo wake ulikuwa umeelekea meza. Ulikuwa umeelekea, lakini shingo haikuwa imetulia.

"Jiko liko huko, mwenyeji," Glafira alisema bila kuinua kichwa.

"Naangalia kama mna chumvi."

"Tunalehemu kwa chumvi siku hizi?"

Sinia la kwanza liliungua. Sikuwahi kuona Taisiya akiunguza chakula, na nilivila vile vilivyoungua vyote mimi ili asivione akasikitika zaidi. Hakuna aliyenishukuru.

Kabla ya kugusa chochote, Glafira alichukua kioo cha kukuzia akaipitia bodi nzima, kiungo kimoja baada ya kingine. Viungo mia kadhaa. Alichukua muda mrefu, hadi mafuta yalisikika yakichemka. Wale watatu walingoja. Taisiya aliacha kugeuka.

"Hakuna hata kimoja cha kurudisha," Glafira alisema.

Ni maneno matano. Masikio ya wifi yangu yaligeuka mekundu mpaka ncha, nami nikajifanya natafuta kijiko.

Kisha wakaanza. Zoya, aliyekuwa na subira kuliko wote, alikwangua plastiki ya chipu kwa kipande cha wembe mahali mguu ulipovunjikia, mpaka chuma kikang'aa kidogo kama jicho la sindano, akalehemu hapo uzi mwembamba wa shaba uwe mguu mpya. Kiti je? Marfa alitaka kikatupwe. Nelli alitaka chipu ilehemiwe moja kwa moja, liwalo na liwe. Glafira akasema, "Nyinyi hamjashona? Gauni likibana hulivuti. Unalikata, unaliongeza." Akakikata kile kiti kwa msumeno mdogo, akapata vipande vinne, akaviunga kwenye bodi kimoja kimoja na mwanya mdogo kati yake. Kachembe kale ka inchi kakapata pa kukaa. Chipu iliingia bila kelele.

Saa tisa mchana wote wanne walizima vyuma vyao. Taisiya alisikia.

"Mmemaliza?"

"Bado waya mmoja," alisema Glafira. "Wa umeme."

"Mbona hamuungi?"

"Kwenu kijijini nyumba ya veme ikiisha, nani anawasha moto wa kwanza jikoni?"

Taisiya alifuta mikono kwenye aproni, mara ya kwanza, mara ya pili. "Mwenye nyumba."

"Basi njoo uwashe. Tunapoa hapa."

Alikaa. Akainama mpaka pua ikakaribia bodi, na niliona kwamba haoni. Alipeleka kidole cha kushoto, akapapasa njia ya umeme kwenye ukingo, akapata tundu, akaweka waya. Glafira alifungua mdomo amwelekeze. Nilimkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote. Moshi mwembamba wa utomvu wa msonobari wa kulehemia ukapanda, na Taisiya akaondoa chuma. Kiungo kilikuwa cha mviringo, kinang'aa.

"Washa," alisema. "Wifi, wewe ukae karibu na televisheni."

Nikabonyeza. Televisheni ilionyesha theluji ile ile inayoonyesha ikiwa haina stesheni. Tukangoja. Theluji. Marfa aligusa chipu kwa mgongo wa kidole, akasema zote zina joto. Nelli alianza kusali kimya kimya, midomo tu. Taisiya alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa vidole vile alivyojivunia.

Ndipo Glafira aliinama kusugua mguu wake ulioumia, akaona waya wa televisheni uko sakafuni. Nilipomkanyaga yeye, nilikuwa nimeukanyaga na waya nikauchomoa.

"Mwalimu," alisema taratibu, "wewe kazi yako na iwe vitabu tu."

Akauchomeka. Kioo kikawa cheusi, kikakaa cheusi muda wa pumzi moja, kisha kikawa cheupe, na chini kabisa ukatokea mstari mmoja wa maandishi madogo, umetulia.

Hakuna aliyepiga kelele. Walikuwa wanawake watano ambao kwa jumla walikuwa wamepitisha kwenye kidirisha kile kazi ya zaidi ya miaka mia moja. Zoya alikaa chini. Glafira alivuta kamasi, akasingizia moshi.

"Kumbe ndivyo zinavyokuwa," alisema Taisiya. Alisogea hadi uso wake ukakaribia kugusa kioo, na mwanga mweupe ukamjaa mashavuni. "Kumbe ndivyo." Akakaa hivyo muda mrefu, nasi tukamwacha. Kisha akauliza, "Na hapo chini pameandikwa nini? Wifi, leo ndiyo siku ya Kiingereza chako."

Nilisoma. Nikasoma tena. Chipu nyingine ilikuwa na kumbukumbu iliyonakiliwa herufi kwa herufi kutoka kwenye kompyuta ya asili ya Waingereza, hata mstari ule.

"Inasema ni mali ya kampuni ya Uingereza," nilisema. "Mwaka elfu moja mia tisa themanini na mbili."

Taisiya alikiinamia tena kioo.

"Waingereza wamepanda ngazi hizi leo?" Taisiya aliuliza.

"Hapana."

"Wamekula perepechi zangu?"

"Hata moja."

"Basi inadanganya. Haijamaliza dakika tano duniani, imeanza uongo."

Tulicheka hadi jirani wa chini akagonga bomba. Taisiya hakucheka. Aliuliza kama inawezekana kuirekebisha. Nilikuwa na kijitabu cha amri, nakala ya nakala, nusu ya kurasa zimefifia. Nikabonyeza, nikakosea, nikabonyeza tena huku Marfa akinihesabia makosa kwa sauti, mpaka kioo kikaandika: TAISIYA.

Alipapasa herufi juu ya kioo kwa kidole. "Ongeza Glafira."

"Mimi?" Glafira alisema. "Mimi nimekata kiti tu."

"Ongeza. Na Zoya, na Marfa, na Nelli. Na wewe mwenyewe."

"Mimi sikufanya kitu."

"Ulichomoa waya. Andika."

Jioni tulipoizima ili wageni wapate meza ya kulia, majina yote sita yalipotea. Niliogopa ataumia. Nikamweleza kwamba haina kumbukumbu ikizimwa, na kwamba tukiyarekodi kwenye kaseti kesho itayasoma yenyewe bila taabu. Alitafuna, akafikiri.

"Usirekodi," alisema.

Siku hizi ana macho mapya, walimpasua mwaka uliofuata, na anamwona Glafira hata akiwa mwisho wa foleni, jambo ambalo Glafira anasema ni hasara. Kompyuta iko pale pale dirishani, ndani ya sanduku la biskuti. Kila asubuhi anaiwasha kabla ya chai. Kila asubuhi inamwambia ni ya Waingereza. Naye anakaa, anavuta miwani, anaandika majina sita kwa kidole kimoja, herufi moja moja, Glafira wa kwanza.

Juzi nilimwambia tena habari ya kaseti, nikasema miaka yote hii anajichosha bure.

"Mtoto mwongo hakanywi mara moja, wifi," alisema, na kuendelea kuandika jina langu.